Hesabu Zianzie Mikononi mwa Mtoto

Apitaye asubuhi karibu na darasa la kwanza la shule ya msingi, mjini au kijijini, hakosi kusikia sauti za watoto wakiimba namba kwa pamoja: moja, mbili, tatu, nne, mpaka ishirini, na baada ya miezi michache mpaka mia. Sauti hizo hufurahisha. Mzazi aliyemleta mwanawe huondoka akiamini kwamba kazi imeanza, na mwalimu mkuu aliye ofisini hujua kwamba darasa lina mwalimu. Lakini mtoto huyo huyo aliyeimba mpaka mia bila kukosea, akipewa kokoto kumi na tatu na kuambiwa azihesabu, mara nyingi hugusa kokoto moja mara mbili, huruka nyingine, na hufika kumi na moja au kumi na tano. Akiulizwa tena ziko ngapi, huanza upya kutoka moja, kwa kuwa hajatambua kwamba namba ya mwisho aliyoitamka ndiyo idadi ya kokoto zote zilizo mbele yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa udhaifu wa Hisabati nchini Tanzania. Kukariri majina ya namba ni kazi ya ulimi. Kuijua namba ni kuelewa kwamba saba ni saba, ziwe kokoto au mbuzi, zipangwe mstari mmoja au zitawanywe sakafuni, na kwamba ndani ya saba mna tano na mbili, na nne na tatu. Ufahamu huo haumwingii mtoto wa miaka sita kwa kuimbishwa. Humwingia kwa kushika, kupanga, kutenganisha na kuunganisha vitu halisi kwa mikono yake mwenyewe, huku mwalimu akimwuliza na yeye akijibu.

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, lawama huwaangukia walimu wa sekondari. Kweli, matokeo ya Hisabati yanatia huzuni: kati ya mwaka 2015 na 2023 haukupatikana hata mwaka mmoja ambapo theluthi ya watahiniwa walifaulu somo hilo. Wengine husema vitabu havitoshi, wengine husema vijana ni wavivu. Ni wachache wanaouliza kijana huyo aliyeshindwa alipotelea wapi. Ukweli ni kwamba wengi walipotea wakiwa na miaka saba, siku walipoandikiwa ubaoni alama ya kujumlisha na ya kutoa bila kuonyeshwa alama hizo zinafanya nini. Tangu siku hiyo wamekuwa wakifuata kanuni wasizozielewa, na kanuni isiyoeleweka husahauliwa au huchanganywa na nyingine.

JEMBE SHAMBANI, HESABU UBAONI

Jambo hili si geni katika fikra za elimu za Taifa. Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Kiafrika walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao, na akaukosoa mfumo uliothamini kitabu peke yake na kuyadharau maarifa yaliyomo katika maisha ya watu. Kutokana na waraka ule shule zilianzisha mashamba, mabanda ya kuku na bustani za mboga. Hata hivyo, katika shule nyingi jembe lilibaki shambani na hesabu zikabaki ubaoni. Mtoto alichimba mashimo ya mahindi asubuhi, na saa moja baadaye akakaririshwa jedwali la sita, bila mtu kumwonyesha kwamba mistari sita ya mashimo manane aliyoichimba ndiyo sita mara nane yenyewe. Kujitegemea kulichukuliwa kuwa ni kazi ya mikono baada ya masomo, wakati maana yake ilikuwa pana zaidi: mikono na akili vifanye kazi pamoja.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Madarasa yakajaa, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa kazini ili kuziba pengo. Hatua ile iliwafungulia mlango watoto ambao wasingeliona darasa, wala hakuna sababu ya kuijutia. Lakini mwalimu aliyekabidhiwa watoto wengi bila zana alikimbilia njia iliyokuwa karibu naye, nayo ilikuwa chaki, ubao na wimbo. Hali iliyofanana na hiyo ikarudi mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na tena mwaka 2016 elimu bila ada ilipowaleta watoto wengi zaidi shuleni.

Mitaala kwa upande wake imekuwa ikielekeza njia bora. Mtaala wa 2005 ulitaka umahiri badala ya kukariri. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 ulipunguza wingi wa masomo ili watoto wajenge kwanza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unaendeleza nia hiyo hiyo. Kwa hiyo aliye darasani akiwapa watoto vijiti na kokoto anatekeleza alichoagizwa. Kinachopungua ni kuielewa njia hiyo, na ujasiri wa kuifuata wakati desturi ya kazi inavuta upande mwingine.

TITA LA VIJITI KUMI

Zana ya kwanza ya Hisabati haihitaji bajeti ya halmashauri. Ni vijiti mia moja, vya mtama, vya mianzi au vya ufagio, vilivyokatwa kwa urefu mmoja, na vipande kumi vya kamba ya mkonge au ukindu. Mtoto huhesabu vijiti kumi, huvifunga tita moja, na huliita tita hilo kumi moja. Siku hiyo amejifunza jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Amejifunza kwamba vitu vingi vinaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja, na juu ya jambo hilo ndipo uandishi wote wa namba unaposimama.

Hapa Kiswahili ni msaada kwa mtoto, na pia kinamwekea mtego. Msaada upo kati ya kumi na ishirini. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, majina yenyewe yanasema kuna kumi na kuna mamoja yaliyozidi. Mtoto wa Kiingereza hukutana na majina mawili baada ya kumi ambayo hayamwambii lolote. Mtoto wa Kiswahili husikia hesabu ndani ya jina. Lakini kuanzia ishirini lugha imechukua majina kutoka Kiarabu. Ndani ya ishirini hamsikiki mbili, ndani ya thelathini hamsikiki tatu, wala ndani ya arobaini nne, ndani ya hamsini tano, ndani ya themanini nane. Ni sitini, sabini na tisini tu zinazofanana na sita, saba na tisa, kwa kuwa hizo tatu nazo zimetoka huko huko. Kwa hiyo mtoto huyapokea majina hayo kama majina ya watu, bila kuona kilichomo.

Dawa yake ni rahisi. Mwalimu huweka matita mawili juu ya dawati na kusema, haya ni makumi mawili, nayo huitwa ishirini. Huweka matita matano na kusema, haya ni makumi matano, nayo huitwa hamsini. Katika lugha nyingi za makabila ya nchi hii namba hizo husemwa hivyo hivyo, makumi mawili, makumi matatu, na watoto wengi wa vijijini wamekwisha kulisikia jambo hilo nyumbani. Kwa wiki chache majina yote mawili hutumika pamoja, hata mtoto asikiapo thelathini aone matita matatu akilini.

Mtoto asiyepitia hatua hiyo huonekana upesi. Akiambiwa aandike thelathini na tano, huandika 305, maana amesikia thelathini na amesikia tano. Akiambiwa mia moja na tano, huandika 1005. Mwalimu aliye na haraka humwekea alama ya kosa na kuendelea. Mwalimu aliye na matita humpa matatu mkono wa kushoto na vijiti vitano mkono wa kulia, humwambia aandike idadi ya matita, kisha pembeni yake idadi ya vijiti vilivyobaki. Kosa hilo huondoka pamoja na sababu yake.

KUTOA, KUZIDISHA NA KUGAWANYA

Faida ya matita huonekana zaidi katika kutoa. Swali la 34 kutoa 18 limewashinda watoto wengi wa darasa la pili na la tatu, na jibu lao la kukosea linafahamika na kila mwalimu: 24. Mtoto ameona kwamba nne haitoshi kutoa nane, basi amegeuza na kutoa nne katika nane, akapata nne. Kisha ametoa moja katika tatu, akapata mbili. Hakufanya uzembe. Ameifuata kanuni aliyojitungia, ya kutoa kidogo katika kikubwa, kwa sababu tarakimu kwake ni michoro isiyo na kitu nyuma yake.

Mtoto mwenye vijiti hawezi kufanya kosa hilo. Mbele yake pana matita matatu na vijiti vinne. Anatakiwa kuondoa vijiti vinane na tita moja. Vijiti vinne havitoshi, na yeye mwenyewe anaona havitoshi. Anafungua tita moja, sasa ana matita mawili na vijiti kumi na vinne. Anaondoa vinane, vinabaki sita. Anaondoa tita moja, linabaki moja. Jibu ni 16. Mwalimu anapomwonyesha baadaye ubaoni kwamba tatu imekuwa mbili na nne imekuwa kumi na nne, mtoto hupewa maandishi ya jambo alilokwisha kulifanya.

Tena kutoa kuna sura zaidi ya moja. Juma alikuwa na maembe tisa akala matano, hapo kitu kimeondolewa. Juma ana maembe tisa na Asha ana matano, Juma amemzidi Asha kwa mangapi, hapo hakuna kilichoondolewa, ni kulinganisha. Asha ana maembe matano, anataka yafike tisa, hapo ni kukamilisha. Alama ya kutoa ni moja katika maswali yote matatu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kutoa ni kuondoa tu hukwama kwenye swali la pili, na mwalimu hudhani hajui kusoma. Kumbe akipanga safu mbili za kokoto, tisa juu na tano chini, moja chini ya nyingine, zile nne zisizo na mwenzake humjibu bila maelezo marefu.

Kuzidisha nako kuna zana kila mahali. Trei ya mayai ina mistari mitano yenye nafasi sita sita, jumla thelathini. Ikigeuzwa, ina mistari sita yenye nafasi tano tano, na mayai ni yale yale. Mtoto aliyeigeuza trei hiyo kwa mikono yake amejua kwamba tano mara sita na sita mara tano ni kitu kimoja, na mzigo wa kukariri majedwali umepungua karibu nusu. Bao la Kiswahili nalo lina safu nne zenye mashimo manane, jumla mashimo thelathini na mawili, na kete sitini na nne. Wazee wanaolicheza chini ya mwembe huona kete itaishia shimo gani kabla ya kuzisambaza, nao walijifunza kwa kucheza. Mashimo yaliyochimbwa mchangani nje ya darasa yatosha kumfundisha mtoto kusambaza kokoto moja moja bila kuruka wala kurudia, ambalo ndilo jambo lililomshinda yule mwimbaji wa asubuhi.

Kugawanya kunafahamika kwa kila mtoto aliyewahi kugawana karanga na ndugu zake. Karanga ishirini kwa watoto wanne, kila mmoja apate ngapi: hutolewa moja moja kwa zamu mpaka ziishe, na kila mmoja ana tano. Lakini kuna kugawanya kwa mama wa sokoni, apangaye nyanya ishirini katika mafungu ya nne nne ili ajue atapata mafungu mangapi. Jibu ni tano pia, ila tendo ni jingine. Mtoto ayapitie yote mawili. Na karanga zikiwa ishirini na tatu, zile tatu zinazosalia zisifichwe, kwa maana hizo ndizo baki, na ugomvi utakaotokea juu yake utamfundisha mtoto zaidi ya ubao.

SOKONI ANAJUA, DARASANI HAJUI

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, Brazil, kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Watafiti walijifanya wateja, wakanunua nazi na matunda mengine, na kuuliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa mara 98 katika kila mara 100. Baadaye hesabu hizo hizo ziliandikwa kwenye karatasi kama za shule. Majibu sahihi yakashuka hadi mara 37 katika 100. Watoto walikuwa wale wale, na namba zilikuwa zile zile.

Hakuna mwalimu wa Dar es Salaam, Mwanza au Kigoma atakayeshangazwa na habari hizo. Mtoto auzaye vitumbua kwa niaba ya mama yake hakosei chenji ya shilingi elfu mbili, lakini darasani huambiwa ni mzito wa hesabu. Yapasa kuuliza ni nani aliye mzito hapo. Elimu isiyoweza kuupokea ujuzi ambao mtoto amekwisha kuupata, na inayomlazimu aanze upya kwa alama asizozijua, inaitupa mali aliyokuja nayo.

Hata hivyo, tahadhari moja yafaa kutolewa kwa uwazi. Vijiti peke yake havifundishi. Mwaka 1992, Deborah Ball wa Marekani, mwalimu na mtafiti wa ufundishaji wa Hisabati, aliwaonya wenzake wasiweke matumaini ya kimiujiza katika vifaa. Mtoto anaweza kushika vijiti mwaka mzima asijifunze kitu, ikiwa mwalimu hamwulizi amefanya nini na kwa nini. Tena yapo madarasa ambayo yamekosea kwa upande wa pili: mtoto wa darasa la nne huchora vijistari themanini na tano pembezoni mwa daftari ili ajumlishe 48 na 37. Huyo ameachwa njiani. Alipewa vijiti akiwa darasa la kwanza, lakini hakuna aliyemfundisha kuvifunga matita, wala aliyemsaidia kuviacha.

Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba fahamu ya mwanadamu hupitia kutenda, kisha picha, kisha alama. Singapore iliufuata utaratibu huo katika Hisabati za shule za msingi tangu miaka ya 1980. Darasani maana yake ni hii: kwanza mtoto afunge na kufungua matita, kisha achore mstari mmoja kwa kila tita na nukta moja kwa kila kijiti, kisha aandike tarakimu peke yake. Hatua ya kati, ya kuchora, ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo imvushayo mtoto kutoka kwenye vijiti mpaka kwenye tarakimu. Baada ya hapo kukariri kuna nafasi yake. Mtoto aliyeelewa sita mara nane ni nini anapaswa pia kuijua kwa moyo, ili asipoteze muda. Kinacholaumiwa hapa ni kukariri kabla ya kuelewa.

HOJA ZINAZOTOLEWA

Walimu wengi watasema kwamba njia hii ni nzuri kwa darasa la watoto thelathini, si kwa darasa la tisini. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa na mtu aliyekaa ofisini. Lakini yafaa kuuliza: katika darasa la tisini, ubao unamfundisha nani? Unawafundisha walioketi mbele. Vikundi kumi na vitano vya watoto sita sita, kila kimoja na boksi lake la vijiti na kiongozi wake, vinampa mwalimu nafasi ya kuzunguka na kuona nani amekwama. Nusu ya darasa ikiwa nje ikirukaruka juu ya mstari wa namba uliochorwa ardhini, nusu nyingine hubaki ndani na matita yao. Kazi ya maandalizi ni kubwa katika wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo watoto wenyewe hugawa na kukusanya vifaa, na kukusanya huko nako ni hesabu, kwa kuwa boksi lazima lirudi na vijiti mia moja.

Wengine watasema muda hautoshi na azimio la kazi lazima likamilike. Lakini muda unaookolewa darasa la kwanza hulipwa kwa riba darasa la nne, mwalimu anaporudia kutoa kwa mara ya tatu kwa watoto wale wale. Na kwa kuwa sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeiweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, mwaka wa kurekebisha makosa ya msingi umepungua. Msingi ukiwa mbovu hapatakuwa na wakati wa kuubomoa na kuujenga upya.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini ina nguvu kuliko zote. Ni daftari. Mkuu wa shule hupitia madaftari, wathibiti ubora, ambao zamani waliitwa wakaguzi, hupitia madaftari, na mzazi jioni hufungua daftari. Mwalimu aliyetumia kipindi kizima kufunga matita hana cha kuonyesha. Mwenzake aliyenakilisha maswali ishirini ubaoni ana kurasa mbili zenye vema nyekundu. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara ya kujilinda huchagua kurasa. Na mtumishi wa Serikali mwenye mshahara wa kutosha humpeleka mwanawe wa miaka minne kwenye shule ya kulipia, kisha hujivunia kwamba mtoto ameandika hesabu kurasa tatu kwa siku. Asubuhi ofisini huyo huyo husaini barua inayohimiza ufundishaji wa vitendo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mabadiliko hayataletwa na semina nyingine ya siku mbili yenye posho. Wathibiti ubora wanapoingia darasa la kwanza, wawaite watoto watano, wawape vijiti ishirini na saba, wawaambie wavipange na waeleze. Dakika kumi za zoezi hilo zitawaonyesha hali ya darasa kuliko rundo la madaftari. Vyuo vya ualimu visimpe mwanachuo alama za kufaulu Hisabati mpaka awe amemfundisha mtoto halisi kutoa kwa kufungua kumi, mbele ya mkufunzi wake. Vituo vya walimu, ambavyo katika kata nyingi ni majengo yaliyofungwa kwa kufuli, vifunguliwe Jumamosi ili walimu wa darasa la kwanza na la pili wakutane, watengeneze zana na wasimuliane yaliyowashinda.

Wazazi nao wana sehemu yao, na haigharimu kitu. Mtoto anayepanga vijiko mezani kwa idadi ya walaji, anayehesabu ndoo za maji, anayetumwa dukani na kuulizwa chenji imebaki ngapi kabla ya kuondoka, anajifunza Hisabati nyumbani kwa lugha anayoielewa. Akirudi na daftari tupu siku moja, asikemewe. Aulizwe amefanya nini kwa mikono yake, na aonyeshe.

Lakini jambo la kwanza kabisa liko mikononi mwa wakuu wa shule, na linaweza kuanza Jumatatu. Ni desturi katika shule nyingi kwamba mwalimu hodari wa Hisabati hupewa darasa la mwisho, kwa sababu mtihani wa Taifa uko karibu na sifa ya shule iko hatarini. Darasa la kwanza hupewa mwalimu mgeni, au aliyekaribia kustaafu, au aliyekosana na mkuu. Darasa hilo ndilo lenye watoto wengi kuliko yote, na ndilo lenye zana chache kuliko yote. Kwa mpango huo shule huweka nguvu yake yote kwenye paa na kuuacha msingi ujijenge. Mkuu wa shule atakayemtoa mwalimu wake bora wa Hisabati katika darasa la mwisho na kumkabidhi watoto wa miaka sita atalaumiwa mwaka wa kwanza, na huenda wa pili. Matunda yatachelewa, kwa kuwa watoto hao watafika kwenye mtihani baada ya miaka kadhaa, pengine yeye akiwa amekwisha kuhamishwa.

Hiyo ndiyo gharama halisi ya jambo hili, nayo haihesabiwi kwa shilingi. Inataka kiongozi akubali kufanya kazi ambayo sifa yake ataipata mwingine. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Yule mtoto wa kokoto kumi na tatu yuko darasani leo, anaimba mpaka mia, na sauti yake inapendeza. Mtu mmoja asimame karibu naye, amwekee kokoto mkononi, na amsubiri ahesabu.